Jinsi ya Kutembelea Jumba la Makumbusho la Rejimenti Nchini Uingereza: Mwongozo Kamili

Uingereza ina majumba ya makumbusho ya kijeshi zaidi ya 100, na mengi kati ya hayo yalianzishwa na rejimenti moja moja kwa ajili ya kutunza kumbukumbu zake yenyewe. Jambo hilo likisahauliwa, ziara huharibika mapema. Anayeingia katika Imperial War Museum jijini London, iliyoanzishwa mwaka 1917, huelezwa kwa nini vita vilizuka, nani alipigana na nani, na raia walipatwa na nini. Anayeingia katika jumba la rejimenti hudhaniwa kwamba hayo yote anayajua tayari. Anachoonyeshwa ni sare ya kapteni fulani, nishani za sajenti fulani, ngoma iliyopigwa kwenye gwaride na bendera iliyochakaa hadi kubaki nyuzi. Ni kama kufunguliwa albamu ya picha ya familia usiyoifahamu: kila sura ina maana kubwa kwa wenyewe, lakini mgeni asiyejua ukoo atachoka baada ya kurasa chache.

Hatua zifuatazo zinaanzia nyumbani, kabla ya tiketi kukatwa, na zinaishia kwenye nyaraka ambazo mtu anaweza kuzifuatilia baada ya kuondoka. Ninaamini kwamba makumbusho ya aina hii hufaidiwa zaidi na mtu aliyefika na swali moja mahususi, na ambaye muda wote anakumbuka kwamba msimuliaji wa historia anayoisoma ni rejimenti yenyewe.

Hatua ya kwanza: kutambua rejimenti na jina lake la sasa

Rejimenti katika jeshi la Uingereza ni zaidi ya kundi la askari. Ina jina, beji, bendera, nyimbo za gwaride na siku zake za kumbukumbu, na kwa miaka mingi kila moja ilihusishwa na eneo ilikoandikisha vijana wake. Mpaka mwaka 1881 rejimenti za askari wa miguu zilitambulika zaidi kwa namba. Mageuzi ya mwaka huo yaliziondolea namba hizo na kuzipa majina ya maeneo, na nyingi zikawa na batalioni mbili za kudumu, yaani vikosi vilivyo ndani ya rejimenti, ambazo kwa kawaida zilipokezana, moja ikiwa nyumbani na nyingine ng'ambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi lilipunguzwa mara kadhaa, na rejimenti zikaunganishwa tena na tena. Kwa sababu hiyo, jina unalolikuta kwenye barua ya zamani au nyuma ya picha huenda halipo tena katika jeshi la leo.

Mfano mzuri ni Rejimenti ya 24 ya askari wa miguu, iliyopigana katika vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879. Wakati huo jina lake rasmi liliitaja Warwickshire, eneo la Uingereza yenyewe, ingawa wengi leo wanaamini kwamba ilikuwa rejimenti ya Wales tangu mwanzo. Mwaka 1881 ikawa South Wales Borderers. Mwaka 1969 iliunganishwa na Welch Regiment na kuwa Royal Regiment of Wales, na mwaka 2006 ikaunganishwa tena na Royal Welch Fusiliers kuwa Royal Welsh. Mtu anayetafuta historia ya Royal Welsh anapaswa kujua kwamba kuna jumba katika mji wa Brecon kwa ajili ya Rejimenti ya 24 na warithi wake, kuna lingine ndani ya ngome ya Caernarfon kwa ajili ya Royal Welch Fusiliers, na kuna la tatu ndani ya ngome ya Cardiff linalochanganya historia ya askari wa miguu wa Wales na ya wapanda farasi wa Queen's Dragoon Guards. Akienda Caernarfon kutafuta habari za mwaka 1879, atakuwa amekwenda mahali pazuri sana pasipo na jibu lake.

Njia rahisi ya kupata jumba sahihi ni kutumia orodha ya Army Museums Ogilby Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1954 kusaidia makumbusho ya jeshi la Uingereza. Andika jina la zamani la rejimenti, si la sasa, kisha fuatilia lilivyobadilika. Hakikisha pia kwamba jumba bado lipo, kwa maana baadhi yamefungwa na mikusanyo yao kuhamishwa. Jumba la Durham Light Infantry, kwa mfano, lilifungwa mwaka 2016, ingawa vitabu vya zamani vya safari bado vinawaelekeza wasomaji huko.

Hatua ya pili: kupanga siku na kujua utaingiaje

Majumba haya yanaweza kugawanywa kulingana na mahali yalipo, na mahali ndipo panapoamua utaratibu wa kuingia. Kuna yaliyo ndani ya ngome za kale. Makumbusho ya Royal Scots na ya Royal Scots Dragoon Guards yapo ndani ya ngome ya Edinburgh, kwa hiyo hutayafikia bila tiketi ya ngome, na ni busara kuyatembelea asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajajaa. Kuna yaliyo katika majengo yake yenyewe, kama la Black Watch katika Balhousie Castle mjini Perth, au la Green Howards lililo ndani ya lililokuwa kanisa katika uwanja wa soko wa Richmond, Yorkshire. Na kuna yaliyo ndani au kando ya kambi za jeshi zinazotumika mpaka leo. Jumba la walinzi wa mfalme, Guards Museum, lipo Wellington Barracks jijini London.

Kwa jumba lililo kambini, piga simu au andika barua pepe kabla ya kwenda. Uliza ni lango gani linalotumiwa na wageni, kama mifuko hukaguliwa, na kama unatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Mgeni kutoka nje ya nchi abebe pasipoti. Usipige picha ya lango, ya walinzi wala ya magari ya kijeshi mpaka umeuliza, hata kama makumbusho yenyewe yanaruhusu picha ndani.

Saa za kufunguliwa zinahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Majumba madogo huendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, na mengine hufungwa baadhi ya siku za wiki au hupunguza saa zake wakati wa baridi. Sherehe ya rejimenti inaweza kuufunga ukumbi ghafla, na tangazo likatolewa siku chache tu kabla. National Army Museum iliyoko Chelsea, London, haitozi kiingilio. Majumba mengi ya rejimenti hutoza kidogo au huomba mchango mlangoni. Kama una shida ya kupanda ngazi, uliza mapema, kwa sababu minara na magereza ya kale hayakujengwa kwa kufikiria viti vya magurudumu, na si kila jengo la urithi limeweza kuwekewa lifti.

Aliye na siku moja tu na anayetaka kulinganisha rejimenti kadhaa atafaidika zaidi Winchester. Katika eneo la Peninsula Barracks, kambi ya zamani, kuna majumba kadhaa yanayofikika kwa miguu baada ya dakika chache, likiwemo la Wagurkha, askari wa Nepal ambao Waingereza wamewaandikisha tangu mwaka 1815.

Hatua ya tatu: kuandaa swali

Swali la aina ya "nataka kujua historia ya rejimenti hii" halikusaidii, kwa sababu ukuta mzima utadai kulijibu. Swali linalofaa huwa na mtu, mahali au kitu: askari huyu alikuwa wapi mwezi Julai mwaka 1916? Kwa nini beji hii ina picha ya tai? Kombania hii ililala wapi usiku ule?

Ukiwa na jina la askari, tafuta pia namba yake ya jeshi na batalioni yake, maana jina pekee halitoshi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia rejimenti moja ilikuwa na batalioni nyingi zilizopigana katika nchi tofauti kwa wakati mmoja. Northumberland Fusiliers iliunda zaidi ya batalioni 50. Kusema kwamba babu alikuwa Northumberland Fusiliers hakukuelezi kama alikuwa Ufaransa, Uturuki au katika kambi ya mafunzo. Namba nayo ina mtego wake: kabla ya mwaka 1920 namba zilitolewa na rejimenti, si na jeshi zima, kwa hiyo watu wawili wa rejimenti mbili wangeweza kuwa na namba ileile. Siku zote andika jina, namba na kikosi kwa pamoja.

Haya yote yatumie makumbusho kwa barua pepe wiki kadhaa kabla ya ziara, kwa maneno machache, na uulize kama kuna chochote katika stoo kinachohusiana na swali lako. Kinachoonyeshwa katika makabati ya vioo ni sehemu tu ya mkusanyo. Albamu, shajara, ramani na barua nyingi hukaa stoo, na hutolewa kwa miadi tu.

Hatua ya nne: kuzunguka mara mbili

Mzunguko wa kwanza uwe wa haraka, bila kusoma maelezo. Tazama mpangilio. Je, jumba linafuata miaka, au limepangwa kwa mada kama vile muziki, farasi na nishani? Ni vita gani vilivyopewa chumba kizima, na vipi vilivyobanwa katika pembe moja? Nafasi iliyotolewa kwa tukio inaonyesha jinsi rejimenti inavyopenda kujikumbuka, na mara nyingi haiendani na uzito wa tukio lenyewe. Makabati ya mwanzo mara nyingi hujaa panga na sare za maofisa. Vitu vya askari wa kawaida, waliokuwa wengi zaidi, ni vichache kwa sababu vilitumika mpaka vikaisha, na pia kwa sababu familia za maofisa ndizo zilizokuwa na nafasi ya kuhifadhi na baadaye kutoa.

Mwanga hafifu usikukere. Vitambaa huharibiwa na mwanga pasipo njia ya kuvirudisha katika hali yake, na kipimo kinachotumika sana kwa nguo, karatasi na bendera ni lux 50 tu. Macho yape dakika chache yazoee. Flashi ya kamera izimwe hata pale ambapo hakuna kibao cha kukukataza.

Mzunguko wa pili ndio wa kufanya kazi. Chagua makabati matatu au manne yanayogusa swali lako, uyasome mpaka mwisho, na mengine yapite bila majuto.

Hatua ya tano: kusoma vitu vyenyewe

Maelezo ya ukutani ni mafupi, na mara nyingi yameandikwa na mtu anayedhani kwamba unajua lugha ya jeshi. Anayejua kusoma bendera, sare na nishani hupata habari ambayo haijaandikwa popote.

Tuanze na bendera. Batalioni ya kawaida ya askari wa miguu ina bendera mbili, moja ya mfalme au malkia na nyingine ya rejimenti. Juu yake hutariziwa majina ya mapigano ambayo rejimenti imeruhusiwa kuyataja kama heshima yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila rejimenti iliruhusiwa kuchagua majina kumi ya vita hivyo kwa ajili ya bendera ya mfalme, na baada ya vita vya pili ikafanyika hivyo tena. Ukiona majina kumi, basi, fahamu kwamba ni uteuzi wa kamati, na uulize yapi yaliachwa. Bendera hizi zilibebwa mapiganoni ili askari wajue mahali pa kukusanyika katika moshi wa baruti. Mara ya mwisho rejimenti ya Uingereza kufanya hivyo ilikuwa Laing's Nek, Afrika Kusini, mwezi Januari mwaka 1881. Usishangae kukosa bendera katika makumbusho ya mizinga au ya rejimenti za wapigaji bunduki wenye sare za kijani: kwa wa kwanza mzinga wenyewe ndio bendera, na wa pili hawabebi kabisa. Vilevile, bendera iliyostaafu mara nyingi hupelekwa kanisani na kuachwa ichakae polepole. Bendera ya malkia ya batalioni ya kwanza ya 24, ambayo maluteni Melvill na Coghill walikufa wakijaribu kuiokoa baada ya pigano la Isandlwana dhidi ya Wazulu mwaka 1879, inatunzwa katika kanisa kuu la Brecon, si katika makumbusho. Anayezuru Brecon atenge muda wa kufika sehemu zote mbili.

Sare zina sarufi yake. Katika Guards Museum usianze na kofia za manyoya, ambazo karibu zinafanana. Hesabu vifungo vya koti. Grenadier Guards hupanga kifungo kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne na Welsh vitano vitano. Baada ya kuyajua hayo utaitambua rejimenti katika picha ya zamani isiyo na rangi wala jina. Beji nazo husimulia. Askari wa Gloucestershire Regiment walivaa beji mbele na nyuma ya kofia kwa sababu mwaka 1801, karibu na Alexandria nchini Misri, walipigana mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Beji ya Royal Scots Dragoon Guards ina tai kwa sababu Sajenti Charles Ewart wa Scots Greys aliteka tai, yaani sanamu ya ndege iliyokuwa juu ya mlingoti wa bendera, wa rejimenti ya 45 ya Ufaransa pale Waterloo mwaka 1815. Tai mwenyewe yupo katika jumba lao ndani ya ngome ya Edinburgh. Huo ndio uzuri wa majumba haya: kitu na alama yake huonekana katika chumba kimoja.

Nishani ndizo zinazopitwa kwa haraka zaidi, ilhali ndizo zinazosema kwa uhakika zaidi. Kwanza tazama kama kuna vibao vyembamba vya chuma juu ya utepe, maana vimeandikwa jina la eneo au mwaka wa mapigano. Kisha tafuta jina la askari. Kwa nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia, jina, namba, cheo na kikosi viliandikwa kwenye ukingo wa medali au nyuma ya nyota. Kwa nishani za kampeni za Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza halikuandika jina lolote, kwa hiyo nyota ya vita hivyo ikiwa peke yake haithibitishi ilikuwa ya nani. Uthibitisho unatokana na karatasi, sanduku au picha iliyoambatana nayo. Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa iliyoanzishwa mwaka 1856, huandikwa jina la mpokeaji kwenye nyuma ya kiungo kinachoishikilia na tarehe ya tendo katikati ya mgongo wa msalaba. Kwa kuwa thamani yake ni kubwa, baadhi ya majumba huonyesha nakala na kufungia asili. Si utovu wa adabu kuuliza unachotazama ni kipi.

Hatua ya sita: kuuliza kilichoachwa

Vitu vingi katika makumbusho ya rejimenti vilitekwa vitani. Upanga wa adui, ngao, fimbo ya mtawala na kitabu kitakatifu vilichukuliwa kama kumbukumbu ya ushindi, vikapelekwa mesi ya maofisa na hatimaye kabatini. Mbele ya kila kitu cha namna hiyo jiulize mambo matatu: kilikuwa cha nani, kilichukuliwa katika mazingira gani, na maelezo yanamtaja mwenyewe kwa jina au kwa neno "adui" tu? Mjadala wa kurejesha vitu hivi unaendelea. Mwaka 2019 National Army Museum iliirudishia Ethiopia nywele za Mfalme Tewodros wa Pili, zilizochukuliwa baada ya kifo chake Maqdala mwaka 1868.

Mwaka 1879 unafaa kwa zoezi hili. Tarehe 22 Januari jeshi la Wazulu liliishinda kambi ya Waingereza pale Isandlwana, na zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Uingereza waliuawa, wakiwemo Waafrika waliopigana upande huo. Alasiri ileile na usiku uliofuata, askari wapatao 150 walikilinda kituo cha Rorke's Drift, na baadaye Victoria Cross 11 zilitolewa. Mgeni apime mwenyewe: tukio lipi limepewa picha, sanamu na taa nyingi zaidi? Wazulu wanaonekana kama watu wenye makamanda, mpango na sababu ya kupigana, au kama wimbi tu?

Afrika Mashariki inajitokeza katika majumba haya kuliko anavyotazamia mgeni, ila ni lazima ujue mahali pa kutazama. King's African Rifles (KAR), rejimenti ya kikoloni ya Waingereza katika Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1902, haikuwa na eneo la nyumbani Uingereza. Maofisa wake Waingereza waliazimwa kutoka rejimenti zao kwa muda, kisha wakarudi. Albamu, barua na nishani zao zikaishia katika makumbusho ya rejimenti hizo za asili. Kwa hiyo askari wa KAR aliyepigwa picha Nyasaland au Tanganyika anaweza kuwa kwenye ukurasa wa albamu iliyoko stoo katika mji mdogo wa Uingereza, mara nyingi bila jina. National Army Museum nayo inakusanya historia ya majeshi ya kikoloni. Omba kuonyeshwa "albamu za maofisa walioazimwa KAR", na katika makabati tafuta Africa General Service Medal iliyoanzishwa mwaka 1902, yenye vibao kama Somaliland na Nandi 1905-06, au beji ya kichwa cha kifaru ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944.

Nishani hiyohiyo ina kibao kilichoandikwa Kenya, kwa ajili ya operesheni dhidi ya Mau Mau kuanzia mwaka 1952 hadi 1956. Rejimenti kadhaa za Uingereza, zikiwemo Lancashire Fusiliers, Devonshire Regiment na Black Watch, zilipelekwa huko. Ukikikuta kibao hicho, soma maelezo yanayoambatana nacho ukijua kwamba mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakiwa kizuizini, ikaeleza majuto yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kama maelezo yanataja misitu, mvua na ugumu wa doria peke yake, liandike hilo katika daftari la wageni kwa lugha ya adabu. Wahifadhi huyasoma madaftari hayo.

Hatua ya saba: kuzungumza na wahudumu

Mzee aliyeketi karibu na mlango akiwa amevaa tai ya shingoni ya rejimenti ana uwezekano mkubwa wa kuwa askari mstaafu, na dakika kumi naye zinaweza kuwa na faida kuliko chumba kizima. Mwanzie na kitu kilicho mbele yenu: hiki kilitumikaje, kilikuwa kizito, kilivaliwa lini? Usimuulize kama amewahi kuua mtu. Watoto huuliza hivyo na husamehewa. Mtu mzima hana udhuru. Akianza mwenyewe kusimulia ya kwake, msikilize bila kumrekodi mpaka akubali. Ujue pia kwamba kumbukumbu yake ni ushahidi wa alichoishi yeye, si wa yaliyotokea kabla hajazaliwa, hata akiyasimulia kwa uhakika uleule.

Swali kuhusu chanzo cha kitu, umiliki au vitu vilivyotekwa lielekezwe kwa mhifadhi, kwa maandishi, kwa sababu yeye ndiye mwenye rejista inayoonyesha kitu kiliingia lini na kilitolewa na nani.

Hatua ya nane: kuendelea na nyaraka

Watu wengi hudhani kwamba makumbusho ya rejimenti yanatunza faili za utumishi za askari. Kwa kawaida hayatunzi. Faili za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia zilizobaki zipo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Kew, London, na sehemu kubwa yake iliteketea katika shambulio la mabomu la mwezi Septemba mwaka 1940, ndiyo maana zilizonusurika huitwa nyaraka zilizoungua. Faili za miaka ya baadaye zilikuwa kwa Wizara ya Ulinzi, na tangu mwaka 2022 zimekuwa zikihamishiwa Kew kwa awamu.

Kinachofaa kuombwa zaidi ni shajara ya vita ya batalioni. Ofisa wa kikosi aliandika kila siku mahali walipo, walichofanya na idadi ya waliokufa au kujeruhiwa. Za Vita vya Kwanza vya Dunia zipo Kew katika mfululizo wa WO 95, zikiwemo za kampeni ya Afrika Mashariki, na makumbusho mengi yana nakala za batalioni zao. Askari wa kawaida hatajwi sana kwa jina humo, lakini ukiijua batalioni yake na tarehe, utajua alilala wapi. Kusoma nyaraka asilia Kew kunahitaji kadi ya msomaji, ambayo hutolewa bure kwa anayeleta vitambulisho vinavyokubalika.

Mwenye kitu cha familia anachotaka kitambuliwe atume kwanza picha zilizopigwa mchana, za mbele, nyuma na ukingoni, pamoja na vipimo. Asikisugue. Nishani iliyong'arishwa mara nyingi hufutika maandishi ya ukingoni, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtambulisha mwenyewe. Asibebe singe, bastola wala risasi mpaka jumba lidokezwe mapema na kumweleza utaratibu, na kitu chochote kinachofanana na bomu au kombora kiachwe mahali kilipo na polisi waitwe. Akiamua kukitoa kwa makumbusho, aombe hati ya makabidhiano inayoeleza kama ni zawadi ya kudumu au azimo, na aambatanishe karatasi yenye kila anachokijua kuhusu aliyekimiliki: majina kamili, mahali alipozaliwa, kikosi, na namna kitu kilivyomfikia yeye.